Msongamano Si Hati ya Kuwahamisha Watoto Wetu

Limezuka neno moja ambalo sasa linatumiwa kama rungu. Neno hilo ni msongamano. Mzazi akiuliza kwa nini shule ya umma iliyo katikati ya mtaa wake ing'olewe na kupelekwa pembezoni, hujibiwa kwamba wilaya imejaa, madarasa yamefurika, na kwamba huko iendako shule kuna nafasi ya kutosha na hewa safi. (Twasema wilaya kwa mazoea. Tangu Katiba ya 2010 wakubwa huiita kaunti ndogo, ingawa hatujasikia kuwa kubadilishwa jina kuliongeza hata darasa moja.) Akiuliza swali la pili, yaani kiwanja kitakachoachwa kitakuwa cha nani, mkutano hufungwa kwa sala.

Hatukatai kwamba msongamano upo. Serikali ilipofuta karo ya shule za msingi Januari 2003, zaidi ya watoto milioni moja waliokuwa nyumbani walimiminika madarasani, na lilikuwa jambo jema. Mwaka 2023 wanafunzi wa kwanza wa sekondari msingi waliwekwa katika viwanja vilevile vya shule za msingi, palepale ambapo wadogo zao walikuwa tayari wamebanana. Na nani amesahau tarehe 3 Februari 2020 pale Shule ya Msingi ya Kakamega, watoto walipokanyagana kwenye ngazi wakitoka madarasani jioni, na 14 kati yao wakafa? Kwa hiyo mtu asituambie kwamba tunalichukulia tatizo hili kwa wepesi. Tunalolikataa ni dawa inayoandikwa na yule yule aliyeleta ugonjwa.

Maana nafasi ya watoto wetu haikuyeyuka kama umande. Ilichukuliwa. Tume ya Ndung'u, iliyotoa ripoti yake mwaka 2004, ilikadiria kwamba hati zipatazo 200,000 za ardhi zilitolewa kinyume cha sheria kati ya 1962 na 2002, na viwanja vya shule vilikuwa miongoni mwa vilivyogawiwa kama peremende. Shule iliyopimiwa ekari kadhaa ikajikuta imebakiwa na madarasa, choo na mlingoti wa bendera. Leo shule hiyo hiyo inaambiwa kwamba imebanana mno isiweze kubaki ilipo. Aliyeiba kiti sasa analalamika kwamba wageni wamesimama!

Wala haya si ya enzi ya chama kimoja tu. Januari 2015, watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road jijini Nairobi walirudi kutoka likizoni wakakuta ukuta umezunguka uwanja wao wa michezo. Walipousukuma ukuta ule, polisi waliwarushia vitoa machozi, watoto waliovaa sare za shule, mbele ya kamera za dunia nzima. Baadaye serikali yenyewe ilikiri kwamba uwanja ulikuwa wa shule. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2018, nchi iligundua kwamba shilingi bilioni 1.5 za umma zilikuwa zimelipwa watu binafsi kwa ajili ya ardhi ya Ruaraka ambapo Shule ya Upili ya Ruaraka na Shule ya Msingi ya Drive-In zilikuwa zimesimama kwa miaka mingi. Juni 2019, majaji watatu wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi waliamua kwamba ardhi ile ilikuwa ya umma tayari. Yaani tuliuziwa shule zetu wenyewe. Kiasi hicho cha fedha kingejenga madarasa mangapi katika mitaa inayoitwa imejaa? Hesabu hiyo hatujaona ikifanywa na wale wanaotuhubiria msongamano.

Wasomaji wetu wa makanisani wanaijua habari hii kwa sura nyingine. Katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 21, Ahabu hakuanza kwa kumnyang'anya Nabothi. Alianza kwa adabu. Alimwahidi shamba jingine lililo bora zaidi, au fedha taslimu, mradi tu amwachie lile lililopakana na jumba lake. Nabothi alikataa kwa sababu lilikuwa urithi wa baba zake. Ndipo zikaandikwa barua kwa jina la mfalme, zikatiwa muhuri, wakatafutwa mashahidi wa uongo, wazee wa mji wakaitisha mkutano, na yote yakatendeka kwa utaratibu. Tunawasihi waumini waisome upya sura hiyo wakiwa na barua ya kuhamisha shule mkononi. Sehemu tunayoisahau ni ile ahadi ya shamba bora.

Tusidhani pia kwamba hila hii ni ya Kenya peke yake. Kwa kuwa sisi mawakili huzoea kutazama hukumu za ng'ambo, tutaje moja ya Chicago, Marekani. Mwaka 2013 wakuu wa elimu wa jiji lile waliamua kufunga shule zipatazo 50 kwa mkupuo mmoja, wakidai kwamba ziko nusu tupu. Idadi kubwa ya watoto walioondolewa walikuwa weusi. Mwaka 2017 wakuu hao hao waligeuza wimbo. Sasa mitaa ya kusini karibu na katikati ya jiji ilikuwa inajaa watu na ikihitaji shule ya upili, kwa hiyo shule ya msingi iitwayo National Teachers Academy, ambayo wao wenyewe walikuwa wameipa alama ya juu kabisa, ingetoa jengo lake na watoto wake wangehamishiwa shule nyingine. Wengi wa watoto hao nao walikuwa weusi. Shule ikiwa tupu, mtoto wa maskini ahame. Mtaa ukijaa, ahame pia. Wazazi walikwenda mahakamani, na Desemba 2018 jaji akatoa agizo la kuzuia mpango huo chini ya sheria ya haki za raia ya jimbo la Illinois. Wakuu wakauacha. Shule ikabaki.

Hapa kwetu uhamisho una ukatili wake wa pekee. Shule ya umma ikihamishwa, si kila mtoto huifuata. Mama anayeuza mboga kuanzia alfajiri hana nauli ya matatu ya watoto watatu, kwenda na kurudi, kila siku ya juma. Mtoto wa miaka sita hawezi kuvuka barabara kuu mbili peke yake. Basi mama huyo atafanya wanavyofanya maelfu: atampeleka mtoto katika shule ya mabati iliyo uchochoroni, ya mtu binafsi, isiyokaguliwa na yeyote. Tulionyeshwa mwisho wa njia hiyo tarehe 23 Septemba 2019 huko Ng'ando, Dagoretti, jengo la shule ya kibinafsi lilipoporomoka asubuhi na kuua watoto 8. Orodha ya shule iliyohamishwa itaonyesha kwamba msongamano umepungua, na afisa ataandika kwamba mpango umefaulu. Hakuna safu katika daftari lake ya watoto waliopotelea njiani.

Tuwe waadilifu. Kuna shule zinazostahili kuhama. Ziwa Baringo lilipofurika mwaka 2020 na kumeza madarasa, hakuna aliyehitaji wakili kujua kwamba watoto waondoke. Jengo likitishia kuanguka, waondoke leo, si kesho. Lakini msongamano si mafuriko. Mahali penye watoto wengi mno ndipo penye haja ya shule nyingi zaidi, na kuondoa moja iliyopo ni kuwapunguzia chakula wenye njaa kwa sababu foleni ni ndefu.

Na sheria haijanyamaza, hata kama wanaoisimamia wanapenda kunong'ona. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na kinasema kwamba maslahi ya mtoto ndiyo yatakayotangulia katika kila jambo linalomhusu. Kifungu cha 47 kinadai kwamba maamuzi ya kiutawala yawe ya haki, na Sheria ya Haki katika Maamuzi ya Kiutawala ya mwaka 2015 inamtaka mwenye mamlaka atoe ilani na kupokea maoni ya umma kabla ya kuchukua hatua itakayowaumiza wengi. Kabla, ndugu zetu. Mkutano unaoitishwa baada ya tingatinga kuwasili si mashauriano, ni mazishi. Kifungu cha 35 nacho kinamruhusu raia yeyote kudai habari zilizo mikononi mwa serikali: ramani ya kiwanja, hati, na barua zote zilizoandikwa kukihusu.

Tunaligeukia kanisa kwa sababu kanisa si mtazamaji. Shule nyingi za umma zilianzishwa na makanisa, na chini ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 mfadhili wa shule ana wajumbe watatu katika Bodi ya Usimamizi. Wajumbe hao wana kalamu. Twajua kwamba wengine wameitumia kutia sahihi karatasi wasizozisoma, kwa heshima ya afisa aliyekuja na gari jeusi na bahasha. Padri, mchungaji, mzee wa kanisa: ukiletewa pendekezo la kuhamisha shule, usikubali liwe jambo la mwisho katika ajenda, watu wakiwa wamechoka na chai imepoa. Lisomwe ibadani Jumapili, kwa lugha ambayo bibi anayelea wajukuu anaielewa.

Wazazi nao waende mkutanoni na maswali yaliyoandikwa, na wadai majibu yaliyoandikwa. Shule hii ilipimiwa ekari ngapi, na leo zimebaki ngapi? Zilizokosekana ziko kwa nani? Shule ina hatimiliki? Kiwanja kipya kiko umbali gani kwa miguu ya mtoto, si kwa gari la afisa, na je, madarasa yamekwisha kujengwa huko au tunaonyeshwa vigingi na nyasi? Kiwanja cha zamani kitatumiwa kwa kazi gani, na nani ameahidiwa? Majibu yasipotoka katika siku 21, ambazo ndizo Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inazompa afisa, barua ya pili iende kwa Tume ya Haki ya Utawala na nakala yake ibandikwe kwenye lango la shule, mahali ambapo kila mzazi hupita asubuhi.