*PICHA YA MTOTO SI RISITI*



Mwezi uliopita tawi letu liligawa madaftari kwa watoto wa shule ya msingi. Kazi ilikuwa njema. Jioni tukarusha picha kwenye magrupu: watoto wamevaa sare, jina la shule linasomeka, na chini tumeandika majina yao na kwamba wanatoka familia zisizojiweza. Kesho yake picha zilikuwa kwenye magrupu tusiyoyajua. Mzazi mmoja alikuja ofisini na swali moja: nani aliwapa ruhusa? Hatukuwa na jibu.

Baadhi yetu tulijitetea kuwa wafadhili wanataka kuona fedha yao imefika. Ndugu zangu, uthibitisho wa matumizi ni risiti, orodha ya ugawaji na sahihi ya mwalimu mkuu. Hesabu hazihitaji sura ya mtoto. Mtu mwenye nia mbaya akiipata picha ile anajua jina, shule na shida ya nyumbani. Hayo yanamtosha kumfuata mtoto akijifanya mfadhili.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti. Tusisubiri kushtakiwa ndipo tuiheshimu.

Lipo jambo la pili. Zikija video za mtoto aliyefanyiwa ukatili, tunazisambaza "ili mhusika akamatwe". Kila anayeisambaza anamdhalilisha mtoto yule upya. Na picha za ngono za mtoto kuzisambaza ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Ukipokea kitu cha namna hiyo usikipeleke popote kwenye grupu. Toa taarifa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au piga 116, Simu ya Mtoto, bila malipo.

Kwa hiyo tunapendekeza kikao kijacho kipitishe haya:

1. Picha zile zifutwe kwenye kurasa na simu zetu, na wazazi wale tuwaombe radhi ana kwa ana.
2. Hakuna picha ya mtoto bila ridhaa ya maandishi ya mzazi au mlezi. Jina na shule visiandikwe kabisa.
3. Tuchague wanachama wawili, mmoja awe mama, washirikiane na Kamati ya Ulinzi wa Wanawake na Watoto ya mtaa, walimu, viongozi wa dini na ustawi wa jamii kuwaelimisha wazazi kuhusu simu na watoto.

Katika kamati ile tutakaa na wa vyama vingine. Tukae nao bila kinyongo, maana mtoto hana kadi ya chama.

Tulioyakosea tumeyaandika hapa wenyewe. Njooni kikaoni tuyarekebishe.


*Katibu wa Tawi*