Bendi Ikianza Kupiga, Sauti ya Mbao Haiskiki

Wasee, nitasema kitu na najua kuna wapiga gitaa watanitukana kwa maoni hapo chini. Kama unapiga gitaa ya mbao na bendi yenye ngoma kubwa, besi na kibodi, pikapu inayokufaa ni ile ya sumaku, ile inabanwa kwa tundu la gitaa. Sio ile ghali yenye kamaiki ndani. Sio ile msee wa YouTube alisifu akiwa amekaa peke yake chumbani, kapeti chini na mapazia yamefungwa.

Na kama umefika hapa ukitafuta pikapu ya kubeba majani chai, pole sana. Hii ni ile nyingine, kile kifaa kidogo kinachogeuza mtikisiko wa nyuzi kuwa umeme ndio sauti itoke kwa spika.

Naandika juu ya kijana mmoja wa Konoin aliyenitumia ujumbe wiki jana. Yuko kidato cha nne, anapiga kanisani na kwa koito za wikendi, na mamake amekubali kumpea sehemu ya bonasi ikiingia. Kama umelelewa Kericho ama Bomet, unajua hiyo sentensi ina uzito gani. Pesa ya kila mwezi ya majani ni ya unga na sabuni. Bonasi inakuja mara moja kwa mwaka, na kabla ifike tayari ina wenyewe: karo, mbolea, mabati, deni la dukani. Mama akikutolea hapo pesa ya kitu cha gitaa, amekuamini kuliko benki. Sasa kijana anataka kununua ule mfumo wa maiki na piezo pamoja, kwa sababu ameskia "inatoa sauti ya mbao kabisa". Bei inapita ya gitaa yake.

Nilimwambia hapana. Acha nieleze, kwa sababu "hapana" peke yake haimsaidii.

Gitaa ya mbao ni sanduku lenye hewa, limetengenezwa litetemeke. Hiyo ndiyo kazi yake. Shida ni kwamba halichagui nani analitetemesha. Ukiwa jukwaani, sauti ya spika inarudi inapiga ule ubao wa juu, ubao unatetemeka, pikapu inaskia, inapeleka kwa spika tena, spika inapiga ubao tena. Mzunguko ukishika kasi unapata ule mvumo wa kutisha ambao unafanya wazee wa mbele waangaliane. Hiyo ndiyo fidibeki. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, lakini hii haihitaji chuo, ni mada ya rezonansi ya fizikia ya sekondari.

Na haivumi mahali popote tu. Hewa ndani ya gitaa kubwa ya kawaida, ile ya mabega mapana, hupenda kutetemeka karibu na Hz 100. Noti ya G ya chini, waya wa sita kidole nyuma ya pau ya tatu, ni Hz 98. Umeona shida? Nyimbo za kantri, na nusu ya zile tunapiga huku, ziko kwa G. Unapiga kodi moja safi na hema yote inavuma. Watu wanasema gitaa ni mbaya ama mashine ni ya kukodisha. Wapi. Gitaa inafanya kile ilizaliwa kufanya, mahali pabaya.

Sasa weka hiyo kwa sherehe ya kwetu. Mvua ya mchana imekuja, kila kitu kimesongezwa ndani ya hema. Spika zimepangwa juu ya nyingine. Bendi imebanwa kona, mgongo karibu uguse spika ya besi. Jenereta iko nyuma. Mpiga ngoma amekunywa mursik na ana nguvu za wiki nzima. Hapo ndipo unataka kuleta kamaiki ndani ya sanduku? Maiki inaskia kila kitu: gitaa, ngoma, spika, hata MC. Kwa studio ni tamu sana. Kwa mkahawa, watu wawili na gitaa moja, nunua na ubarikiwe. Kwa hema, mtu wa miksa atakuja azime hiyo maiki dakika ya tano, na utabaki na ile piezo ya chini uliyoweza kununua peke yake kwa pesa kidogo.

Sumaku haiskii hewa. Inaskia chuma ya nyuzi ikicheza juu yake, basi. Inaweza kuvuma pia, usidanganywe, lakini inachelewa sana kufika hapo.

Mtu atasema sumaku inafanya gitaa iskike kama ya umeme. Ndio, kiasi. Na nani amekuwa akikudanganya kwamba wakubwa hawakufanya hivyo? Gibson walitoa J-160E mwaka wa 1954, gitaa ya mbao yenye pikapu ya sumaku, na ubao wa juu wakaufanya wa tabaka, mgumu, ndio usitetemeke ovyo. John Lennon na George Harrison walinunua zao 1962. Halafu kuna ile onyesho la Nirvana la MTV Unplugged, Novemba 1993, ambalo kila mtu hutumia kama mfano wa sauti ya mbao tupu. Kurt Cobain alikuwa na Martin D-18E ya 1959, gitaa iliyotoka kiwandani na pikapu za sumaku, na akaongeza nyingine kwa tundu. Hiyo gitaa iliuzwa 2020 kwa zaidi ya dola milioni 6. Hakuna mnunuzi alilalamika kuhusu sumaku.

Halafu fikiria vile watu wanaskia. Bendi ikiwa imejaa, chini kumeshikwa na besi na ngoma ya mguu. Katikati kuna kibodi na waimbaji. Nafasi ya gitaa ya mbao ni ile "chaka-chaka" ya juu, karibu kazi ya kayamba. Ule unene mtamu unaoskia ukiwa kitandani hauna mahali pa kukaa. Kwa hivyo mwambie mtu wa miksa akate besi ya laini yako bila huruma. Sauti itapata nafasi, na Hz 98 haitakutafuta tena.

Piezo ya chini ya kile kimfupa cheupe ndiyo namba mbili yangu. Gitaa nyingi zinakuja nayo tayari, na kama yako inayo, usinunue kitu kwanza. Nunua kifuniko cha mpira cha kuziba tundu. Ni bei ya chipsi ukilinganisha na pikapu, na kinabadilisha maisha. Ukipiga kwa nguvu piezo inaleta ile sauti ya bata, lakini kwa kelele ya hema hakuna anayeskia bata.

Kosa kubwa naona kwa piezo ni watu kuichomeka moja kwa moja kwa miksa ya zamani. Piezo isiyo na betri inataka mlango wa impidansi kubwa, kama megaohm 1 hivi ama zaidi. Mlango wa laini wa miksa unaweza kuwa kiloohm 10 tu. Besi inapotea, sauti inakuwa nyembamba kama redio ya mkulima, na mtu anaenda kununua pikapu mpya. Kumbe alihitaji boksi la DI lenye umeme wake.

Zile za kugundisha ndani ya ubao, vitufe vitatu chini ya daraja, naziheshimu. Zina sauti nzuri kuliko zote nilizotaja. Lakini zinaskia ubao, na tumeshaona ubao unafanya nini.

Mbona nakasirikia kitu kidogo hivi? Kwa sababu kazi zinaisha. Mwenye sherehe akiskia mluzi mara mbili, mwaka ujao analeta msee mmoja na kibodi na flashi. Hii ni nchi ambayo Hugh Tracey alikuja na mashine yake 1950, hapo Kapkatet, akarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba Chemirocha, jina la Jimmie Rodgers likiwa limegeuzwa na ndimi zetu baada ya watu kuskia santuri zake. Msee na gitaa moja kutoka Marekani alifika mpaka kwa chepkong ya wazee. Tusikubali gitaa itolewe jukwaani na flashi kwa sababu ya tundu halijazibwa.

Kwa hivyo kijana wangu wa Konoin, fanya hivi. Tafuta ya sumaku yenye koili mbili, sio moja, kwa sababu koili moja itakuletea mlio wa jenereta na zile taa za hema. Hakikisha ina skrubu za kushusha na kupandisha chini ya kila waya: nyuzi za shaba zinaskika kidogo kwa sumaku, zile mbili nyembamba zinapiga kelele, kwa hivyo shusha hizo mbili. Kama gitaa yako ni ya nyuzi za nailoni, sumaku haitaskia kitu, usinunue. Kabla ulipe, omba kuijaribu kanisani Jumamosi wakati wa mazoezi, ngoma na besi zikipigwa vile hupigwa Jumapili. Simama mahali husimama. Piga G.

Ikinyamaza, lipa, na chenji umrudishie mama.