Mwandikeni Jina Mtoto wa Kwenye Picha

Ndugu zangu wa Tarime na Serengeti, nawaomba mlitoe lile sanduku la bati la picha za zamani lililo chini ya kitanda cha bibi.

Mugumu, kwa mama mmoja mtu mzima, nilionyeshwa picha ya mtoto wa miaka kama mitatu. Kona moja imeliwa na mende. Mtoto amevaa viatu vilivyompita, na pembeni kabisa unaonekana mkono wa mtu mzima umemshika bega. Nikauliza, "Huyu ni nani, mama?" Akaisogeza dirishani, akautazama mkono, si uso. "Bangili hiyo ni ya dada yangu. Basi huyo ni mwanawe wa kwanza." Nyumba nzima hakuna mwingine aliyelijua hilo.

Katika Uingereza ya Malkia Victoria, picha ya mtoto iliweza kutiwa kwenye kijisanduku chenye bawaba, ndani mahameli, juu kioo. Kupiga picha moja kulichukua sekunde nyingi na mtoto hatulii, hivyo wakati mwingine mama alijifunika kitambaa nyuma yake, akamshikilia. Mikono ileile! Vijisanduku hivyo vimetunzwa makumbusho hadi leo, ila vingi vimeandikwa: mtoto asiyejulikana.

Sisi bado tuna wa kuwauliza. Jumapili hii kaa na bibi au babu penye mwanga. Muulize kwa Kikurya, Kingoreme, Kiikoma au Kinata, maana jina la utotoni huja kwa lugha ya utotoni. Na kwa kuwa akina Chacha na Mwita, Bhoke na Gati ni wengi mno kwetu, usiishie jina moja: andika baba, mama, ukoo, kijiji. Tumia penseli laini, nyuma ya picha, bila kukandamiza. Wino huweza kupenya hadi usoni. Iliyogandia kwenye kioo cha fremu usiibandue, ipige kwa simu ikiwa humohumo. Kisha iweke kwenye bahasha ya karatasi, mbali na moshi na unyevu.

Walimu, wapeni wanafunzi kazi hii likizo. Nanyi mlioko Mwanza na Dar es Salaam, mkirudi Desemba, kabla hamjapiga picha mpya na bibi, muulizeni kwanza hizi za zamani.

Kwa yule mama wa Mugumu zimebaki picha kumi na moja za kuandikwa majina. Narudi Jumamosi.