Kituo cha maji "kinafanya kazi": neno hilo lina maana gani?

Msikilizaji wetu mmoja wa wilaya ya Chamwino alitutumia ujumbe wa sauti mwezi wa kumi, kiangazi kikiwa kimekolea. Kwenye mkutano wa kijiji chao ilisomwa taarifa kwamba kijiji kina vituo vitano vya kuchotea maji na vyote vinafanya kazi. Yeye alikuwa ametoka kwenye foleni na madumu yake mawili matupu. Alisema kimoja kati ya hivyo vitano kinatoa maji alfajiri tu, kingine kinatoa maji ya chumvi ambayo ng'ombe wanakunywa lakini watu hawayawezi, na kingine hakijatoa hata tone tangu mwezi wa nane. Akatuuliza kama aliyeandika taarifa ile aliwahi kufika kijijini.

Tulifuatilia. Kumbe alifika. Alifika mwezi wa tatu, mvua zikiwa bado zinanyesha, akafungua koki zote tano na zote zikatoa maji. Fomu yake iliuliza swali moja tu: kituo kinafanya kazi, ndiyo au hapana. Akaandika ndiyo mara tano, akasaini, akaenda kijiji kinachofuata. Hakudanganya mtu. Ila fomu haikumwambia "kinafanya kazi" maana yake nini, kwa hiyo alitumia maana yake mwenyewe, na wanakijiji nao walikuwa na maana yao.

Kitu kilichokosekana pale wataalamu wa takwimu wanakiita kamusi ya data. Jina linatisha kidogo, lakini kitu chenyewe wakulima wa Kongwa wanakijua vizuri. Ukifika soko la mahindi la Kibaigwa ukasema una magunia kumi, mnunuzi hawezi kukupa bei mpaka ajue ni gunia gani. La kilo mia? Au lumbesa, lile lililoshonewa kilemba juu? Kabla ya kukubaliana kizio, hiyo kumi haina maana, na anayeumia mara nyingi ni mkulima. Kamusi ya data hufanya kazi hiyo ya kukubaliana mapema. Kwa kila neno linaloandikwa kwenye fomu au kompyuta ya taasisi, kamusi inaeleza maana yake, linapimwa kwa kizio gani, majibu gani yanaruhusiwa, na mtu aandike nini pale ambapo hajui.

Hilo la mwisho linaonekana dogo, lakini ndilo lililoleta kizaazaa kwenye kumbukumbu za maji za nchi yetu.

Miaka ya 2011 hadi 2013 wakaguzi walizunguka nchi nzima kuandika vituo vya maji. Sehemu ya kumbukumbu hizo za Wizara ya Maji, vituo 59,400, iliwekwa wazi mtandaoni ili wataalamu wa kompyuta wa dunia nzima washindane kubashiri ni pampu ipi itaharibika. Katika hivyo, 32,259 viliandikwa kuwa vinafanya kazi, 4,317 vinafanya kazi lakini vinahitaji matengenezo, na 22,824 havifanyi kazi. Hayo peke yake yanatosha kumkosesha mtu usingizi.

Lakini ukizisoma kumbukumbu hizo kwa undani unakuta jambo lingine. Kwenye mwaka wa kujengwa, vituo zaidi ya 20,000 vimeandikwa sifuri. Ukiamini maandishi, maelfu ya visima vya Tanzania vilichimbwa zama za Yesu! Kwenye idadi ya watu wanaokizunguka kituo, napo zaidi ya 20,000 vimeandikwa sifuri. Je, sifuri hiyo inasema hakuna anayeishi pale, au inasema mkaguzi hakuuliza? Mwenye kompyuta hawezi kujua. Akikokotoa wastani wa watu kwa kila kituo bila kujiuliza, atapata namba ndogo, na atadhani hakuna msongamano mahali ambapo akina mama wanaamka saa tisa usiku kuwahi foleni. Hata majina ya waliojenga yameandikwa kila mtu na tahajia yake. Serikali yenyewe inaonekana kama wajenzi watatu au wanne tofauti.

Tuwe wakweli, kumbukumbu hizo zina jambo jema pia. Zilitenganisha maswali. Kuna sehemu ya hali ya kituo, sehemu ya wingi wa maji (yanatosha, hayatoshi, ni ya msimu, yamekauka), sehemu ya ubora ambako chumvi inaandikwa waziwazi, na tarehe ya ukaguzi. Vituo vya yule msikilizaji wetu wa Chamwino vingeweza kuelezwa humo jinsi vilivyo. Fomu iliyopelekwa kijijini kwake ilikunja mambo yote hayo ndani ya ndiyo moja.

Kwa sisi wa kanda ya kati hili si suala la karatasi. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili. Kituo kikikaguliwa masika kinaonekana kizima, na Oktoba watu wamerudi korongoni kuchimba mchanga. Orodha ikisema mna vituo vitano vizima, bajeti ya kisima kipya itaenda kwa jirani mwenye vitatu. Na hakuna atakayekuwa ameonea mtu, kwa sababu kila mmoja amefuata orodha.

Kuna mvutano mwingine wa maana uliopo hata ngazi za juu. Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kipimo kwamba mwananchi wa kijijini apate maji ndani ya mita 400, na kituo kimoja kihudumie watu 250. Shirika la Afya Duniani na UNICEF wao hupima huduma ya msingi kwa muda: kwenda, kukaa foleni na kurudi visizidi dakika 30, na chanzo kiwe kimelindwa. Sasa mchukulie mama ambaye nyumba yake iko mita 300 kutoka bombani, na foleni inamlia saa mbili. Kwa kipimo cha mita, ana huduma. Kwa kipimo cha dakika, huduma yake haijafika hata kiwango cha msingi. Mama ni yuleyule na dumu ni lilelile. Ndiyo maana unaweza kusikia asilimia mbili tofauti za upatikanaji wa maji vijijini kwa mwaka mmoja, na wanasiasa wakazirushiana bila yeyote kusoma maana iliyo nyuma yake. Sisi watangazaji nasi tumo; tumesoma asilimia nyingi hewani bila kuuliza.

Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba jambo hili linawezekana. Karani wa Bahi na karani wa Pemba walibeba maelekezo yaleyale: kaya ni nini, na anayehesabiwa ni aliyelala hapo usiku wa kuamkia Agosti 23. Ndiyo maana tunaposema mkoa wa Dodoma una watu 3,085,625 tunajua tunasema nini.

Kuiandika kamusi, hata hivyo, ndiyo sehemu rahisi. Kazi ni kuitunza. Mwaka 2002 Kondoa ilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya 420,000. Mwaka 2012 ilikuwa na 270,000 hivi. Asiyejua atadhani kulikuwa na njaa au vita. Kilichotokea ni kwamba Chemba ilimegwa kutoka Kondoa. Kama kamusi ya taasisi haikuandika kwamba neno "Kondoa" lilibadilika maana na lini, visima vya Chemba vitaendelea kusomeka Kondoa kwenye madaftari ya zamani, na fundi atapelekwa wilaya isiyo yake. RUWASA ilipoanzishwa mwaka 2019 ilipokea kazi ya maji vijijini ambayo awali ilikuwa chini ya halmashauri, na kila halmashauri ilikuwa na mazoea yake ya kuandika. Kuunganisha orodha za namna hiyo bila kukubaliana maneno ni sawa na kumimina debe, pishi na gunia ghala moja kisha kuulizwa una kilo ngapi.

Kwa maoni yetu, taasisi nyingi hupenda kununua mfumo mpya na tableti kuliko kumlipa mtu mmoja wa kukaa na kamusi, kwa sababu kamusi haina uzinduzi wala utepe wa kukata.

Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila miezi mitatu, na pale ndipo msikilizaji ana nafasi ya kuuliza. Mtendaji au kamati ya jumuiya ya watumia maji wakisoma namba, ulizeni kituo kilikaguliwa tarehe ngapi, na waliosema kinafanya kazi walimaanisha nini: kinatoa maji saa ngapi hadi saa ngapi, na maji hayo yananyweka? Ombeni majibu yaandikwe kwenye muhtasari.

Yule wa Chamwino alifanya hivyo. Katutumia picha ya ukurasa wa daftari, umepigwa mistari kwa rula. Vituo ni vilevile vitano. Mbele ya cha kwanza imeandikwa "saa 10 hadi saa 1 asubuhi", mbele ya cha pili "chumvi, mifugo tu", na mbele ya cha tatu "hakitoi tangu Agosti, pampu imetolewa". Viwili vya mwisho bado vimeandikwa "kinafanya kazi", na chini yake kuna tarehe ya mwezi huu.