VIWANJA VYA UMMA VIANDIKIWE HATI

Wananchi wa Karurumo, kwa vizazi tulipanda na kushuka vilima hivi kwa miguu: shambani, sokoni, shuleni. Sasa twabebwa na bodaboda, wala hatuilaumu. Imewafikisha hospitalini kwa wakati wagonjwa wengi. Lakini mwili usiotembezwa hudai deni lake. Shirika la Afya Duniani lapendekeza mtu mzima afanye mazoezi ya wastani, kama kutembea kwa haraka, walau dakika 150 kwa wiki, ili kujikinga na kisukari na shinikizo la damu. Atembee wapi, iwapo kando ya barabara hamna njia ya miguu na kiwanja cha watoto chanyemelewa na wanyakuzi?

Mwaka 1989 Profesa Wangari Maathai alipinga jumba la orofa 60 katika bustani ya Uhuru Park. Alikejeliwa Bungeni, jumba halikujengwa. Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti barabara zake na mahali pa burudani. Basi twaitaka Serikali ya Kaunti ya Embu itangaze hadharani, kabla ya bajeti ijayo, ni viwanja vipi vya umma vyenye hati na vipi havina.