Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Tuelezeni yote kabla ya kipimo

Mheshimiwa Waziri,

Kila Oktoba wanawake wa Tanzania tunahimizwa kupima saratani ya matiti mapema, na himizo hilo naliunga mkono. Ombi langu ni kwamba mwanamke asiye na dalili yoyote, anapoitwa kupigwa picha ya matiti, aelezwe pia madhara ya kipimo hicho, kwa Kiswahili, kabla hajavua nguo.

Sisemi maumivu ya kubanwa na mashine, hayo hupita. Nasema kugunduliwa kwa saratani ya kweli, iliyothibitishwa maabara, ambayo ingekaa kimya hadi mwenye nayo afe kwa sababu nyingine. Daktari hawezi kuitofautisha kwa hakika na ile inayoua, kwa hiyo zote hutibiwa: kisu, mionzi, dawa. Mwaka 2012 jopo huru la Uingereza, chini ya Profesa Michael Marmot, lilikadiria kwamba wakialikwa kupimwa wanawake 10,000 kuanzia umri wa miaka 50, kwa miaka 20, vifo 43 huepukwa, na wanawake 129 hutibiwa saratani ambayo isingewasumbua maishani. Mwaka uliofuata kipeperushi cha huko cha kuwaelezea wanawake kipimo kiliandikwa upya, faida na madhara vikawekwa bayana.

Wapo wataalamu wanaohofu kwamba mwanamke akiyajua haya hatakuja. Huko Sydney watafiti walizungumza na wanawake 50, wakachapisha matokeo mwaka 2013. Wengi hawakuwa wamewahi kulisikia jambo hili na liliwashangaza, lakini wengi hawakukikataa kipimo. Walitaka kujua ili waamue wenyewe. Mwanamke wa Mbagala au Kigoma anastahili heshima hiyo hiyo.

Ila uvimbe unaoshikika mkononi, chuchu inayotoa damu au ngozi inayobonyea si mambo ya kupima faida na hasara. Ni ya kwenda hospitali leo. Tunakufa kwa kufika tumechelewa, wengine baada ya kuzungushwa kituo hadi kituo. Shirika la Afya Duniani linataka uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni. Fedha zikiwa chache, zianzie kwenye kuchukua kinyama cha kupimwa maabara na kutoa majibu kwa wakati, ndipo zifuate mashine za kuwapiga picha wazima.

Mheshimiwa, agiza kipeperushi kama hicho kiandikwe kwa ajili yetu, na wanawake tushirikishwe kukiandika.

Mama mkazi wa Temeke,
Dar es Salaam