Nunua Mbao, Usinunue Rangi

Ndugu mkulima, wengi wetu katika skimu zilizo karibu na bahari, kama zile za Roka, Mtondia na Magarini, tuna mkono mmoja kwenye jembe na mwingine kwenye mshipi. Mahindi yakikauka kwa kukosa mvua, au korosho zikikosa bei, bahari ndiyo jirani wa kumwendea. Kwa hiyo si ajabu kumwona mkulima aliyeuza mavuno yake akiteremka ufuoni kutafuta mashua kuukuu ya kununua. Jambo hilo ni jema, lakini lataka macho. Shamba bovu litakupa njaa ya msimu mmoja. Chombo kibovu chaweza kukuondolea uhai, wewe na wanao.

Mimi sikubaliani na wale wasemao kwamba chombo kuukuu hakifai kamwe. Mashua iliyoundwa kwa mbao nzuri na kutunzwa vyema hudumu miaka mingi. Wala sikubaliani na wale wasemao, "Kimekwenda baharini miaka yote hii, basi ni kizima." Wahenga walisema vyaelea vimeundwa. Kilichoundwa huchakaa, na kuelea leo si ahadi ya kuelea kesho. Shauri langu ni hili: nunua mbao, usinunue rangi.

Kwanza, usinunue chombo kikiwa majini. Mwambie mwenyewe akipandishe ufuoni wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo au mwezi mpevu, maji yanapojaa sana na kupwa sana. Akikataa, muage kwa heri uende zako. Akikubali, nenda na fundi wa kuunda vyombo asiye ndugu wala rafiki wa muuzaji, umlipe ujira wake. Ujira wa siku moja si kitu mbele ya hasara ya chombo kizima.

Anza na mkuku, kwa kuwa huo ndio uti wa mgongo. Vuta kamba kutoka omo mpaka tezi, kama uvutavyo kamba ya kupandia mahindi. Mkuku ukiwa umeinuka katikati na kuinama ncha zote mbili, chombo kimechoka, na fundi hawezi kukirudishia ujana wake kwa gharama ndogo.

Kisha tafuta adui wa kwanza, mdudu wa bahari atoboaye mbao. Huyu huingia akiwa mdogo sana, kwa tundu kama ncha ya sindano, kisha hukua na kula ubao kwa ndani. Kwa nje ubao huonekana mzima, na kumbe ndani ni mashimo matupu yenye ganda jeupe kama chokaa. Omba ruhusa ya kukwangua deheni mahali pachache chini ya chombo, hasa kwenye mkuku. Gonga kwa nyundo ndogo. Ubao mzima hulia kwa sauti kavu. Ubao ulioliwa hulia kama debe tupu au kama kitu kilicholowana. Choma kwa ncha ya kisu. Kikizama kwa urahisi, umepata jibu lako.

Adui wa pili ni maji ya mvua. Wengi hudhani maji ya chumvi ndiyo yaozeshayo mbao, lakini maji matamu yaliyotuama huozesha zaidi. Kwa hiyo angalia sehemu za juu, chini ya mabao ya kukalia, na pembe ambazo maji hukaa. Kama chombo kimelala nchi kavu muda mrefu, mtafute pia mchwa, ambaye sina haja ya kumweleza mkulima.

Sasa tazama misumari. Ukiona michirizi myekundu ya kutu, na mbao zimekuwa nyeusi na laini kuzunguka misumari, ujue haishiki tena. Ingia ndani, ondoa mbao za chini, ukague ngama na mataruma. Taruma huvunjika hasa pale lilipopinda. Ukikuta bati limepigiliwa au sementi imemwagwa, uliza kuna nini chini yake. Bati la namna hiyo mara nyingi ni kama shuka safi juu ya kidonda.

Baada ya hayo, kijaribiwe majini. Chombo kilichokauka juani lazima kivuje mwanzoni, maana mbao zimesinyaa. Kiache siku mbili kivimbe. Kisha fueni maji yote, mkiache kielee tangu maji yajaapo mpaka yajaapo tena, yapata saa 12, na mhesabu ndoo za maji yatakayoingia. Kikivuja kidogo, kalafati mpya yaweza kutosha. Kikijaa, si kazi ya kalafati. Tweka tanga pia, ukiangalia mlingoti, foromali, henza na usukani, na utie mifuko ya mchanga kwa uzito wa watu na samaki.

Kama kuna mashine, fika kabla haijawashwa, uishike. Ikiwa ina moto tayari, pengine muuzaji ameificha taabu ya kuwaka asubuhi. Ikiwaka, maji ya kupozea yatoke kwa nguvu. Mfungue oili ya gia: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia ndani.

Usidanganywe na nyavu za bure. Juya la kukokota ufuoni na nyavu za nailoni ya uzi mmoja zimekatazwa na sheria, na zawadi hiyo itakupeleka kortini. Hakikisha namba ya chombo na ya mashine ni zile zilizo katika hati. Waulize viongozi wa kikundi cha usimamizi wa ufuo na afisa wa uvuvi chombo ni cha nani hasa. Vyombo vingi ni vya urithi, na ndugu watano wana haki katika kile kinachouzwa na mmoja. Andikeni mapatano mbele ya mashahidi, na usilipe bei yote kabla ya majaribio kwisha.

Mwisho ni fedha. Ukiwa na shilingi 90,000, usinunue mashua ya 90,000. Tafuta ya 60,000, na zilizobaki ziwe za mbao, misumari, kalafati na jaketi za kuokolea, moja kwa kila mtu apandaye. Wala usiweke hati ya shamba rehani kwa ajili ya chombo kuukuu. Chombo kikizama, deni halizami nacho, na watoto watapoteza bahari na ardhi pamoja. Kama fedha haitoshi, ni afadhali majirani watatu wachange na kuandikiana hisa zao.

Muuzaji atakuharakisha. Atasema kuna mtu wa Malindi anakuja kesho na fedha mkononi. Mwache huyo mtu aje. Bamvua hurudi kila baada ya wiki mbili, na mashua nyingine itapandishwa ufuoni. Nenda siku hiyo na fundi wako, kamba, nyundo na kisu, na fedha uiache nyumbani.